Pato la Mke, Fomu ya Mume: Kapu Moja au Mawili?

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapoelekea ukingoni, vibanda vya kompyuta mjini Voi huwa na shughuli isiyo ya kawaida. Walimu walioteremka kutoka Wundanyi na Mwatate, wauguzi, askari wa wanyamapori, makarani na wenye maduka hupanga foleni na karatasi mikononi, kila mmoja akiikimbiza tarehe 30. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Kijana wa kompyuta, ambaye ana watu ishirini wanaomngoja nje, huuliza maswali yake mbio mbio. Nambari ya PIN? Nywila? Fomu ya P9 iko wapi? Kisha hufikia swali moja ambalo waume wengi hulijibu bila kufikiri: je, mapato ya mke nayo yataingizwa katika fomu hii? Bwana hujibu "ndiyo" au "la" kulingana na lililomjia kinywani, kijana anabonyeza, na foleni inasonga.

Ndugu msomaji, jibu hilo la neno moja si dogo. Linaweza kuongeza au kupunguza kodi ya nyumba nzima. Linaweza kumfanya mke adaiwe kodi asiyojua ilivyokadiriwa. Na kwa familia ambayo baba au mama yuko ng'ambo, hasa Marekani, linaweza kuwa tofauti ya zaidi ya shilingi laki mbili kwa mwaka. Lililo jema ni kwamba jibu likikosewa linaweza kurekebishwa, ila kila nchi ina muda wake na masharti yake.

Kanuni iliyotoka mbali

Wengi hushangaa kwa nini fomu ya mume iulizie mshahara wa mke. Jibu liko katika historia. Kodi ya mapato ilianza kutozwa nchini Kenya mwaka 1937, wakati wa ukoloni, na sheria yake ilishonwa kwa kitambaa cha Uingereza. Huko Uingereza, tangu mwanzo wa karne ya 19, pato la mwanamke aliyeolewa lilihesabiwa kuwa pato la mumewe. Waingereza wenyewe waliiacha kanuni hiyo Aprili 6, 1990, siku ambayo kila mume na kila mke alianza kutozwa kodi peke yake.

Kenya ilipotunga Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973, iliyoanza kutumika Januari 1, 1974, kanuni hiyo ilihamishiwa humo. Kifungu cha 45 kiliandikwa kwamba pato la mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe litachukuliwa kuwa ni pato la mume, na kodi yake itatozwa kwa mume. Mlango ulifunguliwa baadaye wa kumruhusu mke kujaza fomu yake mwenyewe kwa mapato ya aina tatu: mshahara wa kazi aliyoajiriwa, malipo ya kazi ya kitaalamu, na faida ya biashara anayoiendesha yeye mwenyewe.

Tangu Katiba mpya ilipozinduliwa Agosti 27, 2010, kifungu hicho kimekuwa kikilaumiwa sana. Katiba, katika ibara ya 45, inasema kwamba mume na mke wana haki sawa wanapooana, wanapoishi pamoja na hata ndoa inapovunjika. Wanaoilaumu kanuni ya 1973 huuliza: ikiwa haki ni sawa, mbona pato la mke lihesabiwe kuwa la mume, na la mume lisihesabiwe kuwa la mke? Suala hilo limefikishwa hata mbele ya majaji. Kwa hiyo, kabla hujaingiza pato la mkeo katika fomu yako, muulize afisa wa kodi hali ya kifungu hicho ilivyo siku hiyo, wala usifuate mazoea ya mwaka uliopita.

Kwa maisha ya kila siku, kila mwenye kipato leo ana PIN yake na hutarajiwa kujaza fomu yake. Hata hivyo, safu ya mke imekuwa katika fomu ya iTax ya mkaazi, na ndiyo inayowatega wasiojua.

Mke anayehesabiwa kuwa "anaishi na mumewe"

Jambo jingine la kuelewa ni maana ya kuishi pamoja. Mama anaweza kuwa anafundisha Taveta na baba anafanya kazi bandarini Mombasa, wakikutana Voi mwisho wa mwezi. Hao, kwa mujibu wa sheria ya 1973, bado wanaishi pamoja. Umbali wa kazi hauvunji nyumba.

Sheria hiyo ilitaja hali tatu ambamo mke hahesabiwi kuwa anaishi na mumewe. Ya kwanza ni pale walipotenganishwa kwa amri ya mahakama au kwa mkataba wa maandishi. Ya pili ni pale walipoachana kwa namna inayoonyesha kwamba hawatarudiana. Ya tatu, ambayo wengi hawaijui, ni pale mke ni mkaazi wa Kenya ilhali mume si mkaazi. Mke wa Sofia au Birikani ambaye mumewe amehamia ng'ambo miaka mingi anaangukia hapo. Huyo, kwa upande wa Kenya, hesabu yake ni yake peke yake.

Hesabu ya kapu moja na makapu mawili

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza za pato la mwaka hutozwa asilimia 10. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kinachozidi hapo, hadi kufikia shilingi milioni 6, hutozwa asilimia 30. Baada ya hapo mlipaji hupunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka, ambayo ndiyo nafuu ya kila mkaazi.

Tuseme kuna mume mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara kuu ya Mombasa, naye amechagua kulipa kodi kwa faida yake, ambayo ni shilingi 480,000 kwa mwaka. Mkewe ndiye anayekaa dukani, na mume humlipa mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka.

Kila mmoja akiwa na kapu lake, hesabu ni hii. Kodi ya mume ni shilingi 28,800 kwa fungu la kwanza, 25,000 kwa fungu la pili, na 27,600 kwa zile 92,000 zilizobaki. Jumla ni 81,400. Toa nafuu ya 28,800, anabaki na deni la 52,600. Kodi ya mke ni 28,800 kwa fungu la kwanza na 18,000 kwa zile 72,000 zilizozidi, jumla 46,800. Toa nafuu, zinabaki 18,000. Nyumba nzima inalipa shilingi 70,600.

Sasa mapato yote yatiwe katika kapu moja, yakatwe nafuu moja. Pato linakuwa shilingi 840,000. Mafungu mawili ya kwanza yanatoa kodi ya 53,800. Shilingi 452,000 zilizobaki zote zinatozwa asilimia 30, yaani 135,600. Jumla ni 189,400, na nafuu ikitolewa inabaki 160,600.

Tofauti ni shilingi 90,000 kamili. Pato ni lilelile, duka ni lilelile, na watu ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba pato la mke limepandishwa juu ya la mume, likakosa kupita katika mafungu ya chini, na nafuu moja ikapotea.

Huenda ukauliza, kwani mshahara si miongoni mwa yale mapato matatu yaliyoruhusiwa kuwa ya mke peke yake? Hapo ndipo wenye biashara za familia wanapoteleza. Sheria ya 1973 ilisema wazi kwamba mshahara anaolipwa mke na mumewe hauingii katika mlango huo. Haungii pia mshahara anaolipwa na ushirika ambamo mume ni mshirika, wala na kampuni ambayo mke au mume au wote wawili wanashika asilimia 12.5 au zaidi ya kura zake. Nia ilikuwa kuzuia waume kugawa faida yao kwa wake kwa jina tu ili kodi ipungue. Lakini kanuni hiyo humgusa pia mama anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa tatu usiku, akibeba misumari na mabati kwa mikono yake.

Mke aliyeajiriwa na watu wengine, kama vile mwalimu au muuguzi, hali yake ni nyepesi. Pato lake hukokotolewa kwa mafungu yake mwenyewe hata likiandikwa katika safu ya mke ndani ya fomu ya mume. Kwake, kujiunga hakumpunguzii kodi. Kunampa mumewe karatasi zaidi za kujaza na nafasi zaidi za kukosea.

Kodi ambazo hazijali ndoa

Si kila pato linaingia katika mjadala huu. Voi imejaa nyumba za kupangisha, kuanzia Mwakingali hadi Kaloleni, na zimeongezeka tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kodi ya kupangisha nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, kwa mwenye kupokea zaidi ya shilingi 288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka. Hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, na ikishalipwa imekwisha. Haipandishwi tena juu ya mshahara.

Ndivyo ilivyo pia kwa kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo kwa biashara zenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mama mwenye kibanda cha nguo sokoni anayelipa kodi hii hana sababu ya kuogopa kwamba mauzo yake yatarundikwa juu ya mshahara wa mumewe.

Ukikosea, urekebishe vipi?

Tuseme mwaka juzi bwana alijibu "ndiyo" pale kibandani, akaandika pato la mkewe, na sasa amepata hesabu ya deni asiloelewa. Afanye nini?

Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inamruhusu mlipa kodi kuomba kurekebisha taarifa aliyoijaza mwenyewe ndani ya miaka 5. Katika iTax kuna sehemu yake maalumu ndani ya menyu ya ritani, tofauti na ile ya kujaza fomu mpya. Utachagua kodi inayohusika na mwaka unaohusika, utajaza fomu upya kwa usahihi, kisha utaipakia na kupewa risiti. Ihifadhi risiti hiyo. Kamishna anaweza kukubali marekebisho au kuyakataa, kwa hiyo uwe na vielelezo vyako tayari.

Kuna mitego minne inayofaa kuepukwa.

Mtego wa kwanza ni kurekebisha fomu moja na kuisahau ya pili. Ukiliondoa pato la mke katika fomu ya mume, lazima lionekane katika fomu ya mke. Na ukiliingiza kwa mume, lisibaki kwa mke. Pato moja likionekana mara mbili, nyumba itadaiwa mara mbili. Likikosekana kotekote, itaonekana mmeficha.

Mtego wa pili ni kuhamisha pato na kuiacha kodi iliyokwisha kukatwa. Kodi aliyokatwa mke mshaharani imeandikwa katika P9 yake. Pato lake linapohama, kodi hiyo nayo ihame, la sivyo kompyuta itaona mapato bila malipo.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba mke ambaye pato lake limo katika fomu ya mume hana haja ya kujaza yake. PIN iliyosajiliwa kwa kodi ya mapato inatarajiwa kutoa taarifa kila mwaka. Isipofanya hivyo, faini ya kuchelewa huanza kuhesabiwa, na mama huja kugundua siku anapotaka cheti cha kulipa kodi ili aombe kazi.

Mtego wa nne ni kuchelewa. Marekebisho yakionyesha kwamba mlipaswa kulipa zaidi, kiasi kilichopungua huongezewa asilimia 5 ya adhabu, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Yakionyesha kwamba mlilipa kupita kiasi, mnaweza kuomba kurejeshewa au fedha hizo zielekezwe katika kodi nyingine mnayodaiwa. Na mkipelekewa makadirio msiyokubaliana nayo, mna siku 30 za kuandika pingamizi. Siku hizo hazingoji mwisho wa mwezi.

Ndoa ileile, hesabu kinyume

Sasa tuvuke bahari. Si familia chache za Voi na milima ya Taita zilizo na mume, mke au mtoto mkubwa nchini Marekani. Huko mambo ni kinyume kabisa na haya tuliyoyaeleza. Tangu mwaka 1948, mume na mke popote Marekani wameweza kujaza fomu moja ya pamoja na kutozwa kwa mafungu mapana kuliko ya mtu mmoja. Wakipenda, wanaweza kujaza mbalimbali, lakini aghalabu wanaojitenga hulipa zaidi na hunyimwa nafuu kadha wa kadha.

Tuchukue mfano wa mume mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, anayefanya kazi hospitalini huko, aliyepata dola 40,000 mwaka 2024. Mkewe yuko Voi na watoto na hana kipato. Mume alijaza fomu ya mtu aliyeoa lakini anayelipa peke yake, akidhani kwamba mke asiyeishi Marekani hawezi kuandikwa. Mwaka huo, mtu wa aina hiyo alipunguziwa dola 14,600 kabla ya kutozwa. Zikabaki dola 25,400, na kodi yake ikawa dola 2,816.

Wangejaza pamoja, wangepunguziwa dola 29,200. Zingebaki dola 10,800 tu, na kodi yake ni asilimia 10, yaani dola 1,080. Tofauti ni dola 1,736. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ambacho ndicho kilichokuwapo kwa muda mrefu wa mwaka 2025, hizo ni karibu shilingi 224,000. Fedha hizo zingelipa karo ya bweni au kuezeka nyumba ya vyumba kadhaa.

Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye kujaza mbalimbali kugeuza na kujaza pamoja hata baada ya fomu kupokelewa. Muda wake ni miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu ile ya kwanza, bila kuhesabu nyongeza ya muda aliyopewa. Fomu ya marekebisho inaitwa 1040-X. Mume na mke wote wawili hutia sahihi. Mke asiye na nambari ya Marekani huomba nambari ya mlipa kodi, iitwayo ITIN, kwa fomu W-7. Na kwa kuwa mke si mkaazi wa huko, wote wawili huambatisha tamko lililotiwa sahihi, wakisema wamechagua mke ahesabiwe kama mkaazi kwa ajili ya kodi.

Lakini mlango huo una bawaba ya upande mmoja. Waliojaza pamoja hawawezi kugeuka na kujaza mbalimbali baada ya siku ya mwisho kupita, ambayo kwa kawaida ni Aprili 15. Kwa hiyo, anayejitenga leo anaweza kujiunga kesho, ila aliyejiunga hawezi kujitenga kwa mwaka huohuo akishachelewa.

Sahihi ya mama wa Voi ina uzito gani?

Hapo ndipo kina mama wanapopaswa kusimama kidogo. Fomu ikija kwa barua au kwa simu, na mume akisema, "Mama watoto, tia sahihi hapa, ni mambo ya kodi tu," si utovu wa heshima kujibu, "Sawa, baba watoto, lakini nisomee kwanza."

Sababu ya kwanza ni kwamba mke akichagua kuhesabiwa kama mkaazi wa Marekani, mapato yake popote ulimwenguni yanapaswa kutajwa huko. Kama ana mshahara wa ualimu hapa, au nyumba za kupangisha Birikani, vyote viandikwe. Kodi aliyolipa Kenya inaweza kutumika kupunguza anayodaiwa Marekani kwa pato hilo, lakini lazima ataje. Mke mwenye kipato kizuri huku afanye hesabu kabla ya kukubali, kwa maana faida ile ya dola 1,736 inaweza kuyeyuka.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Waliotia sahihi fomu moja ya pamoja wanadaiwa kodi hiyo wote, kila mmoja kwa deni zima. Mume akificha pato, serikali ya Marekani inaweza kumdai mke. Sheria yao inao mlango wa kumwondolea lawama mwenzi ambaye hakujua wala hakuwa na sababu ya kujua, lakini kuupita mlango huo ni kazi ya ushahidi.

Sababu ya tatu ni kwamba uamuzi ule wa kumhesabu mke kama mkaazi unaendelea miaka inayofuata mpaka usitishwe. Na ukishasitishwa, wanandoa hao hawawezi kuufanya tena.

Wanafunzi nao wasikilize. Kijana aliyekwenda kusoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahesabiwi kuwa mkaazi wa kodi katika miaka 5 ya kwanza. Huyo njia hii ya fomu ya pamoja kwa kawaida haimhusu, hata akiwa na mke Voi. Asije akadanganywa na rafiki chumbani akajaza fomu isiyo yake.

Hata Kenya deni lilimfuata mke

Si Marekani peke yake inayomfuata mke. Kifungu kilekile cha 45 cha sheria yetu ya 1973 kilisema kwamba ile sehemu ya kodi inayolingana na pato la mke inaweza kudaiwa kwa mke mwenyewe, hata kama makadirio hayakutolewa kwa jina lake. Maana yake ni kwamba mume alipewa fomu, mume alipewa barua, lakini mume aliposhindwa kulipa, hodi ilipigwa kwa mama.

Ndiyo sababu mambo haya si ya kijana wa kompyuta kuamua. Wapo waume wasiojua mishahara ya wake zao, na wapo wake wasiojua ya waume zao. Mke anaweza kuwa anamtumia mamaye fedha kila mwezi huko Wundanyi na hataki maswali. Mume anaweza kuwa na mkopo wa pikipiki au wa shamba ambao hajautaja. Fomu ya pamoja huyaweka hayo yote mezani. Kwa nyumba yenye maelewano, hilo si tatizo. Kwa nyumba yenye ufa, fomu haitauziba. Mke au mume anayehisi kwamba mwenzake haeleweki katika mambo ya fedha ana haki ya kubaki na fomu yake, na hapa Kenya kubaki nayo aghalabu hakumwongezei kodi hata senti.

La kufanya kabla ya Juni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anzeni Januari, si Juni. Kila mmoja aichukue P9 yake mwajiri anapoitoa. Mwenye duka aandike mauzo, matumizi na mishahara, ukiwamo wa mkewe, na amuulize afisa wa kodi au mhasibu jinsi mshahara huo unavyopaswa kuandikwa. Mwenye nyumba za kupangisha aweke risiti za kila mwezi pamoja. Mwenye mtu ng'ambo aulize ni fomu gani iliyojazwa miaka 3 iliyopita, kwa maana mwaka wa mwisho katika hiyo mitatu unakaribia kufungwa.

Msiowahi kuziangalia fomu zenu za zamani, zifungueni katika iTax na mtazame safu ya mke mliijaza vipi. Mkikuta kosa lililo ndani ya miaka 5, liombeeni marekebisho sasa, wakati foleni ni fupi na afisa wa Kituo cha Huduma ana nafasi ya kuwasikiliza.

Na swali lile la kibandani likiulizwa tena, bwana asijibu kabla hajazungumza na mkewe. Wazungumze nyumbani, wakiwa na kalamu, karatasi na takwimu zote mbili mbele yao, waipige hesabu ya kapu moja na ya makapu mawili, ndipo mmoja wao aende kupanga foleni.